Acha dumu lihesabu

*«Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi kidogo cha maji katika vijiji vitatu mkoani Dodoma. Tumepita kwenye baadhi ya kaya tukiuliza wanachota maji wapi, wanatumia muda gani kwenda na kurudi, na madumu mangapi kwa siku. Majibu tunayo. Sasa tunataka kutengeneza bango lenye picha na takwimu, nakala moja ya mkutano mkuu wa kijiji na nyingine ya kupeleka halmashauri. Kijana anayetusaidia kompyuta ameleta picha ya mtoto analia mbele ya kisima kilichokauka, ameipata mtandaoni, anataka aiweke nyuma na grafu ije juu yake. Pia amechora mama mwenye ndoo kichwani: kijiji chenye shida mara mbili, mama amekuwa mkubwa mara mbili. Linapendeza, lakini moyo wangu unasita. Picha na takwimu vinachanganywaje bila kudanganya na bila kuwadhalilisha watu wetu?»*

Marahaba, katibu. Moyo wako haukukosea kusita. Wala kijana wenu asilaumiwe, maana alichofanya ndicho tunachokiona kila siku kwenye mabango ya miradi: picha ya kuhuzunisha nyuma, namba kubwa nyekundu mbele. Watu wengi wanaamini kwamba picha kazi yake ni kuvuta macho, halafu namba ndizo zitoe ujumbe. Mimi nimefanya kazi ya infografiki, yaani kueleza takwimu kwa michoro na picha, kwa miaka mingi sasa na naamini kinyume chake. Kwenye bango la takwimu, picha nayo ihesabu. Kama haihesabu chochote, inachukua nafasi ya kitu ambacho kingehesabu.

Picha inasema «huyu hapa». Takwimu inasema «wako wengi kiasi hiki». Hizo ni kauli mbili tofauti, na ukizibandika pamoja bila mpango hazisaidiani, zinagombana. Jambo hili limepimwa. Mwaka 2007 watafiti Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha majaribio ambamo watu walipewa dola 5 na kuombwa wachangie vita dhidi ya njaa barani Afrika. Walioonyeshwa habari za mtoto mmoja wa Mali aitwaye Rokia walitoa wastani wa dola 2.38. Waliopewa takwimu tupu walitoa dola 1.14. Na waliopewa vyote viwili, Rokia pamoja na takwimu? Dola 1.43. Namba zilipokuja kukaa pembeni ya yule mtoto, mkono ulirudi mfukoni.

Majaribio hayo yalihusu michango, hayakuhusu bajeti ya maji, kwa hiyo usiyachukue kama sheria. Lakini yanaonyesha kwa nini ile picha ya mtoto anayelia yenye grafu juu yake inaweza kuwapa hasara mara mbili: sura inazuia grafu isisomeke, grafu inaipooza sura. Na hapo bado sijagusa ukweli kwamba mtoto huyo si wa kijiji chenu. Mhandisi akiuliza «hiki kisima kiko kitongoji gani?» mtajibu nini? Swali moja kama hilo linatosha kuzitilia shaka namba zenu zote, hata zile mlizozitembelea kwa miguu. Picha hiyo iondoeni kabisa. Vivyo hivyo picha iliyotengenezwa na akili mnemba, hata ikifanana na Dodoma kiasi gani.

Sasa mama mkubwa na mama mdogo. Hili ni kosa la zamani na linawapata hata wasanifu wazoefu. Kijana wenu akimrefusha mama mara mbili, kompyuta inampanua pia mara mbili ili asiharibike umbo, kwa hiyo eneo analochukua kwenye karatasi linakuwa mara nne. Jicho halisomi urefu peke yake, linaona mwili mzima. Na likiona kitu chenye ujazo mambo yanazidi: dumu la lita 20 ukilikuza mara mbili kila upande halibebi lita 40, linabeba lita 160. Nilipoanza kazi hii niliwahi kutengeneza bango la namna hiyo, na mzee mmoja mkutanoni akauliza kwa dhati kabisa kama ndoo za kijiji cha pili ni kubwa kuliko za kwao. Alikuwa amesoma bango sawasawa. Bango ndilo lililokuwa limesema uongo.

Dawa yake ilipatikana Vienna, Austria, yapata miaka 100 iliyopita. Otto Neurath alianzisha pale mwaka 1925 jumba la makumbusho la jamii na uchumi ili wafanyakazi wa kawaida waelewe takwimu za mji wao. Yeye, Marie Reidemeister, aliyekuja kuwa mke wake, na msanii Gerd Arntz wakaweka kanuni ambayo bado haijapitwa: kitu kikiongezeka, usikikuze, kirudie. Watu wengi zaidi ni alama nyingi zaidi, zote saizi moja, zimepangwa mstari. Miaka ya 1950 Marie Neurath aliipeleka njia hiyo Nigeria ya Magharibi, kwa vijitabu vya kuwaeleza wananchi mipango ya serikali yao. Na sababu ya kanuni hiyo kufanya kazi ilikuja kuonekana kwenye vipimo vya William Cleveland na Robert McGill mwaka 1984: jicho la binadamu linalinganisha vizuri vitu vinavyoanzia mstari mmoja, linalinganisha urefu vizuri kiasi, lakini kwenye eneo na ujazo linababaika.

Neurath alitumia michoro. Ninyi mna kamera, na mna kitu ambacho yeye hakuwa nacho: kipimo ambacho kila mtu kijijini anakijua kwa shingo na mgongo wake. Dumu la njano la lita 20. Likijaa ni kilo 20 za maji, bado uzito wa dumu lenyewe. Hakuna haja ya kumfundisha mtu yeyote mkutanoni maana ya kipimo hicho.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 na kinachohudumia watu 250. Sensa ya mwaka 2022 ilipata wastani wa watu 4.3 kwa kaya nchini. Zidisha: lita 107.5, yaani madumu matano na kidogo. Yapangeni madumu hayo mbele ya nyumba, mstari mmoja, na la sita litiwe maji kidogo chini ya nusu. Pigeni picha. Halafu mbele ya nyumba ileile, kwa umbali uleule, pangeni idadi ya madumu ambayo kaya ya katikati katika daftari lenu inachota kweli. Kama ni matatu, yawe matatu, na nafasi za mengine zibaki wazi mahali palepale yalipokuwa. Picha ya juu na ya chini, mstari wa kuanzia mmoja. Hiyo tayari ni grafu ya nguzo, ila imelala chini na imetengenezwa na vitu vyenu wenyewe. Ule uwazi kwenye picha ya chini ndio habari yenu, na hauhitaji mtoto wa kulia. (Watu wenu wakiwa na wastani tofauti wa kaya, tumieni wa kwenu, msitumie wa taifa. Nimeutaja ili uone hesabu inavyokwenda.)

Nimesema «kaya ya katikati» makusudi. Pangeni majibu yote kutoka dogo hadi kubwa na mchukue la katikati. Kishawishi kitakuwa kuchagua kaya yenye hali mbaya kuliko zote kwa sababu picha yake inauma zaidi. Mkitaka kuonyesha kaya iliyo mbaya zaidi ni sawa, lakini iandikwe hivyo, na kaya ya katikati iwepo pembeni yake.

Kwa umbali kuna njia ninayoipenda kuliko zote. Anzieni kwenye kisima mtembee kuelekea nyumba ya mbali zaidi, simu ikipima umbali. Kila mita 400 simameni, mpige picha moja ya njia mnakokwenda. Kisha ziungeni picha hizo ziwe ukanda mmoja kwenye bango, kila picha upana uleule. Picha ya kwanza ndiyo umbali wa sera. Zinazofuata ni ziada. Kijiji chenye picha moja na kijiji chenye picha saba kwenye karatasi moja vinasema vyenyewe, na kila picha imebeba habari ambayo nguzo ya grafu haiwezi kubeba: hapa kuna mchanga, hapa kuna korongo, hapa kuna barabara ya malori ambayo mtoto anavuka na dumu kichwani. Sharti ni moja tu, hatua ziwe sawa. Ukipiga picha pale tu panapopendeza, ukanda unaacha kuwa kipimo unakuwa albamu.

Na muda? Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwenye kipimo chao cha pamoja, wanaihesabu kaya kuwa na huduma ya msingi pale inapofika kwenye chanzo cha maji kilichoboreshwa, yaani kilichojengwa kukinga maji na uchafu, na kurudi ndani ya dakika 30, foleni ikiwemo. Hiyo «foleni ikiwemo» ishikeni vizuri, maana vijijini mara nyingi foleni ndiyo inayomaliza asubuhi. Na angalieni: foleni yenyewe imeshapangwa. Watu huweka madumu yao kwenye mstari kushika nafasi na kukaa kivulini. Wananchi wamekwisha kuwachorea grafu, kazi yenu ni kuipiga picha kwa haki. Kwa haki maana yake ni saa ileile, mahali palepale, siku saba mfululizo, na picha zote saba ziwekwe kwenye bango, hata ile ya siku ambayo foleni ilikuwa fupi. Mkiweka ya Jumatatu peke yake kwa sababu ndiyo ndefu, mtu wa halmashauri anayekijua kisima hicho atajua, na mtakuwa mmempa sababu ya kuwapuuza.

Kamera nayo ina ujanja wake, na msipoijua itaharibu hesabu yote. Kilicho karibu na lenzi kinaonekana kikubwa. Ukisimama kichwani mwa mstari wa madumu, la kwanza litaonekana kama pipa na la mwisho kama kikombe, na pale kanuni ya «saizi moja» imekufa. Simama ubavuni, mstari upite mbele yako kushoto kwenda kulia, rudi nyuma hatua nyingi, kisha ukate pembe za picha baadaye. Usitumie lenzi pana ya simu, inavuta vitu vya pembeni. Weka alama ardhini mahali miguu yako ilipo na urefu wa simu kutoka chini, ili kijiji cha pili na cha tatu vipigwe vilevile. Asubuhi au jioni, si saa saba mchana, kwani jua la utosini linafanya macho na nyuso za watu kuwa giza tupu.

Nguvu ya kupiga kitu kilekile kwa namna ileile unaweza kuiona kwenye kazi iitwayo Dollar Street (Mtaa wa Dola), ya Anna Rosling Rönnlund na wenzake wa Gapminder, shirika la takwimu huko Sweden. Walifika kwenye mamia ya nyumba katika nchi nyingi, na kila nyumba walipiga picha vitu vilevile: kitanda, jiko, choo, mswaki. Kisha wakazipanga nyumba kwa kipato, kama mtaa mmoja. Hakuna picha hata moja pale inayolia, lakini ukipitisha jicho kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho unaelewa kipato ni nini. Na idadi zikiwa kubwa mno kwa kupanga chini, yupo msanii Chris Jordan wa Marekani, ambaye mwaka 2007 alitengeneza picha moja ya chupa za plastiki milioni 2, idadi iliyokuwa ikitumika Marekani kila dakika 5. Kwa mbali unaona ukungu, ukikaribia unaona chupa mojamoja. Ninyi hamhitaji kufika huko. Vijiji vitatu vinatosha kwa madumu ya kweli.

Maandishi msiyaweke juu ya vitu vinavyohesabiwa. Kumbuka kanga: ina pindo, ina mji, na jina lina kisanduku chake mahali pake. Hakuna anayechapa jina juu ya maua ya mji, na ndiyo maana linasomeka mtaa mzima. Acheni mbingu au ardhi tupu kwenye picha kwa ajili ya maneno, na kama hakuna, wekeni ukanda wa rangi moja chini. Maneno machache: nini hiki, kaya ngapi zilihojiwa, lini, na nani alihoji.

Sasa nije kwenye kudhalilisha, ambako naona ndiko kulikokusumbua zaidi. Mlipokwenda kuhoji, bila shaka mliwaahidi watu kwamba majibu yao hayatatajwa kwa jina. Sura ni jina. Katika kijiji ambacho kila mtu anamjua kila mtu, ukiweka picha ya mama mmoja karibu na maneno «kaya zisizo na choo», umemtangaza, hata kama alichaguliwa tu kwa sababu picha yake ilitoka vizuri. Hata mlango wake, kanga yake iliyoanikwa au mwembe wa uani vinatosha. Kwa hiyo orodha ya waliohojiwa na orodha ya watakaopigwa picha zisikutane. Nyumba ya kupigia picha ya madumu iwe ya mwanakikundi aliyekubali, na bango liandike wazi kwamba ni onyesho la kaya ya katikati, si kaya yake.

Anayeonekana sura aelezwe kabla: picha itabandikwa wapi, itakaa muda gani, nani ataiona, na kwamba inaweza kuishia WhatsApp ambako hakuna wa kuifuta. Aruhusiwe kukataa bila kununiwa. Kwa mtoto, mzazi au mlezi akubali na mtoto mwenyewe akubali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Lakini hata isingekuwepo sheria, adabu yetu inatosha kutuongoza. Kumbukeni pia kwamba picha za simu huwa zimebeba mahali zilipopigwa. Zimeni hiyo kabla ya kuzituma kwa mtu.

Mkiamua kuweka watu, nawaomba mwangalie alichofanya W. E. B. Du Bois, msomi Mmarekani mweusi, mwaka 1900. Kwenye Maonyesho ya Paris, yeye na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Atlanta walipeleka chati karibu 60 zilizochorwa kwa mkono kuhusu maisha ya Wamarekani weusi, hasa wa Georgia: ardhi waliyomiliki, shule, kazi. Pamoja nazo zikaenda albamu zenye picha 363. Alizitenganisha. Chati zilihesabu, na picha zilionyesha watu wamekaa wima, wamevaa vizuri, wanatazama kamera. Mtazamaji wa Ulaya aliyekuja akitegemea kuona huruma alikutana na watu. Miaka zaidi ya 120 baadaye bado sijaona jibu bora kwa swali lako. Mwenyekiti wenu wa kikundi akisimama kando ya pampu, amevaa anavyotaka kuonekana, jina lake likiwa chini kwa ridhaa yake, ataongea na halmashauri vizuri kuliko mtoto yeyote wa mtandaoni.

Niseme pia pale ambapo mimi kwa maandishi siwezi kuwasaidia. Umesema mlihoji «baadhi ya kaya». Mlizichaguaje? Kama ni zile zilizo karibu na barabara au za wanakikundi, bango haliwezi kusema «kijiji chetu», liseme «kaya tulizozihoji». Kabla hamjachora chochote, pelekeni daftari kwa afisa mipango wa wilaya au mtu wa takwimu akae nanyi nusu siku. Na kijiji ambacho kaya 20 tu zilihojiwa msiandike asilimia 35, andikeni kaya 7 kati ya 20, kwa kuwa asilimia huifanya idadi ndogo ionekane nzito kuliko ilivyo. Ikiwa kati ya majibu kuna habari za mtoto kuumizwa au msichana kushambuliwa njiani, hiyo si ya bango wala ya kusubiri bango. Inakwenda kwa afisa ustawi wa jamii, ana kwa ana, leo.

Kuhusu kuchapa sitasema mengi. Picha ya simu ya megapikseli 12 inatosha bango la A2 linalosomwa kutoka hatua mbili, mradi isipitie WhatsApp kama picha maana inabanwa. Itumeni kama hati. Muulizeni mchapaji awatolee kipande cha ukubwa wa A4 kwanza, kwa sababu njano ya kwenye kioo cha simu inaweza kubadilika kwenye karatasi, na njano ndiyo dumu lenu. Nakala ya halmashauri iongezeeni jedwali dogo la namba kamili chini. Ya mkutano wa kijiji haihitaji.

Kipande hicho cha A4 kikitoka, mpelekeeni mama mmoja ambaye hakuwa kwenye kikundi, ikiwezekana asiyesoma, na msimuulize kama ameelewa, atawaitikia ndiyo kwa heshima. Muulizeni: «Kijiji kipi kinachota mbali zaidi, na unajuaje?» Akiweka kidole kwenye ukanda wa picha na kuanza kuhesabu, chapeni. Akianza kueleza kitu kingine, mwandikeni maneno yake kama alivyosema, kisha mrudi kwenye kompyuta na kijana wenu.